Kwa Nini Vyungu vya Bi Nungunungu Vilipasuka

"Nina ngano mdomoni!"

"Itoe!"

"Nikiitoa mtaipokea?"

"Tutaipokea!"

"Kwa mikono mingapi?"

"Miwili!"

"Wa nyuma sijawasikia. Mejumaa, acha kuchora dawati. Kwa mikono mingapi?"

"Miwiliii!"

Haya. Fungeni vitabu vya Biashara. Funga, Kaingu, hicho nacho ni kitabu. Niliwauliza swali moja tu kwenye mtihani: tajeni mambo ya ndani yanayoathiri biashara. Ya ndani! Mkaniandikia mvua. Mkaniandikia serikali. Mmoja kaniandikia "majirani wenye wivu." Nimefundisha jambo hili wiki tatu, nimechora ubaoni mpaka chaki zikaisha. Leo sichori. Leo nasimulia, nanyi mtasikiliza.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa bado wakipika na kuketi pamoja kula, aliishi mfinyanzi mmoja jina lake Bi Nungunungu. Aliishi bondeni, penye udongo mwekundu. Kazi ya kufinyanga aliirithi kwa mama yake, na vyungu vya mama yake vilijulikana bonde zima. Ukikigonga chungu kile kwa ukucha, kilikuwa kinalia ngooo! Ukikiweka motoni asubuhi na maharage yako, ukaenda shamba ukarudi jua limeshapinda, unakikuta kimetulia vile vile.

Bi Nungunungu alikuwa na wafanyakazi watatu. Mhanga alichimba udongo. Nani angemshinda Mhanga kwa kuchimba? Ngiri aliukanyaga kwa kwato zake mpaka ukalainika. Kima, mwenye vidole, aliufinyanga, akavikausha vyungu kivulini, kisha akavichoma. Naye Bi Nungunungu mwenyewe alikuwa akizunguka kati yao kutwa nzima. Anashika hiki, anagonga kile, anauliza, anajibiwa.

Biashara ikakua. Wateja wakaja kutoka vilimani. Basi Bi Nungunungu akaona sasa yeye ni mkubwa, hafai tena kuchafuka matope. Akajifunga kanga mpya, akaweka kigoda chake mbele ya kiwanda, akawa anakaa pale kusalimiwa.

Akamwita shemeji yake, Nguchiro, mume wa marehemu dada yake. Nguchiro alikuwa mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa maneno.

"Shemeji," akamwambia, "nisimamie kiwanda. Nataka vyungu vizuri kama vya mama. Tena nataka vyungu mia kila mwezi."

Kwa mwezi walikuwa wanatengeneza vingapi? Arobaini. Nguchiro akaisikia ile mia. Lile la "kama vya mama" hakulisikia kabisa.

Akaenda kwa Mhanga. Udongo mzuri ulikuwa chini sana, Mhanga alikuwa akizama shimoni mpaka mkia hauonekani. Nguchiro akamwambia, "Bi mkubwa anasema chimba hapa juu juu, upesi."

"Hapa juu kuna kokoto za chokaa, zikipata moto zinapasua chungu," akasema Mhanga.

"Bi mkubwa kasema."

Akaenda kwa Ngiri. Udongo ulikuwa unakanyagwa mara saba. "Bi mkubwa anasema mara mbili inatosha."

Akaenda kwa Kima. Vyungu vilikuwa vinakaa kivulini siku tisa kabla ya kutiwa motoni. "Bi mkubwa anasema siku nne."

Na Bi mkubwa je, alisema? Hakusema! Wala hakuuliza. Mhanga hakujua Ngiri kaambiwa nini, Ngiri hakujua Kima kaambiwa nini. Kila mmoja akainamia kazi yake na kununa peke yake.

Mwisho wa mwezi Nguchiro akapanga vyungu mia mbele ya kigoda. Bi Nungunungu akapiga makofi. "Shemeji, wewe ni mwanamume!" Akamsifu mbele ya watu wote, akamtengea kigoda cha pili kando yake. Hakugonga hata chungu kimoja.

Siku ya gulio vyungu vikanunuliwa vyote. Gulio lililofuata vikarudi. Vimerudi vipande vipande, vimefungwa kwenye majani ya mgomba.

"Kimepasuka nikipika uji," akasema huyu.

"Changu kimepasuka maji hayajapata moto," akasema yule.

Bi Nungunungu akamgeukia Nguchiro. "Shemeji, nini hii?"

Nguchiro akatazama mbinguni, akatikisa kichwa. "Mvua hiyo, shemeji. Mwaka huu hewa ina maji mengi. Vyungu vinapigwa na unyevu."

Wakati huo huo Mhanga akatokea, matope mpaka masikioni. "Bi mkubwa, ule udongo..."

"Mhanga, kama una neno mpelekee Nguchiro. Huoni nina wageni?"

Mhanga akarudi shimoni.

Bi Nungunungu akawaondoa wafanyakazi wote kwenye kazi zao, akawatuma kukata miti na kusuka makuti. Wakajenga paa kubwa juu ya kiwanda, paa la kufunika hata njia ya kuingilia. Jasho liliwatoka siku kumi na mbili. Kazi ya vyungu ikachelewa, kwa hiyo Nguchiro akamwambia Kima, "Bi mkubwa anasema sasa kausha siku tatu."

Vyungu vikatoka. Vikanunuliwa. Vikapasuka. Na mwezi ule, wanafunzi wangu, haikunyesha hata tone.

"Shemeji, nini tena?"

Nguchiro akasogea karibu, akanong'ona. "Ni Kenge."

Kenge alikuwa mfinyanzi pia, ng'ambo ya mto. Vyungu vyake vilikuwa vya kawaida tu, vina mdomo uliopinda kidogo.

"Kenge anafanya nini?"

"Anaharibu jina letu. Anawafundisha wateja waseme vimepasuka."

Kaingu, teremsha mkono. Najua unachotaka kuuliza. Unataka kuuliza kama kweli ni Kenge. Vigae viko pale chini! Vimejaa kikapu! Mtu anafundishwaje kupasua chungu chake mwenyewe na kumwaga uji wa watoto wake? Lakini Bi Nungunungu aliamini. Mtu akishakataa kutazama nyumbani kwake, ukimwambia lolote la nje atalibeba.

Mhanga akatokea mara ya pili. "Bi mkubwa, naomba uje shimoni mara moja tu, nikuonyeshe..."

"Sina nafasi ya mashimo leo! Nakwenda kwa Kenge."

Akavuka mto, miiba imemsimama mwili mzima. Akamkuta Kenge ameketi mbele ya vyungu vyake, anakipangusa kimoja kwa jani.

"Kenge! Kwa nini unaniharibia biashara?"

"Mimi?" Kenge akapepesa macho. "Mimi tangu kupambazuka nimekaa hapa nikingoja hivi vikauke. Leo ni siku ya sita, bado tatu. Nina wakati gani wa kukuharibia?"

Mmesikia? Kenge wa watu kamwambia mwenyewe, bila kuulizwa. Siku tisa! Jibu limetua mapajani mwake. Naye akafanya nini? Akamtukana Kenge, akamtukania na mdomo wa vyungu vyake uliopinda, akarudi kwake akijiona ameshinda.

Mwezi wa tatu vyungu vikapasuka zaidi.

"Shemeji!"

"Wateja," akasema Nguchiro bila kufikiri. "Wateja wa siku hizi hawajui kupika. Wanatia moto kama wanachoma msitu."

Basi Bi Nungunungu akasimama gulioni, kina mama wote wanasikia, akaanza kuwafundisha kupika. Kuni mbili tu, akasema. Moto mdogo, akasema. Mama mmoja wa ukoo wa digidigi, mdogo wa umbo lakini si wa hasira, akasimama. "Nilipika kwa vyungu vya mama yako kabla wewe hujaota mwiba wa kwanza! Leo unifundishe kuwasha moto?" Akachukua watoto wake akaondoka, na nusu ya gulio wakamfuata.

Jioni Mhanga akatokea mara ya tatu. Safari hii hakusema "naomba." Alibeba donge la udongo, akaliweka miguuni pa Bi Nungunungu, akalivunja. Ndani mlikuwa na kokoto nyeupe za chokaa kama meno.

"Tazama," akasema.

Nguchiro akacheka. "Shemeji, huyu anataka kukufundisha kazi ya mama yako."

Bi Nungunungu alikuwa amechoka, ameaibika, na neno hilo likamchoma. "Mhanga," akasema, "wewe kazi yako ni kuchimba. Chimba."

Mhanga akainuka. Akajikung'uta matope, akachukua jembe lake, akaenda zake. Hakugombana na mtu. Asubuhi yake Nguchiro akamchukua Ngiri akachimbe, naye Ngiri kwa kuchimba ni kama mimi kwa kuruka.

Sasa sikilizeni, maana hapa hakuna mchezo tena.

Mama Pofu, yule swala mkubwa wa mbugani, alikuwa anamwoza binti yake. Wageni wanatoka mabonde matatu. Mama Pofu alikuwa rafiki wa marehemu mama yake Bi Nungunungu, na ingawa watu walimsihi aende kwa Kenge, yeye alikataa. "Harusi yangu mimi ilipikiwa kwenye vyungu vya nyumba ile," akasema. "Na ya mwanangu itapikiwa huko huko." Akaagiza vyungu thelathini vikubwa.

Siku ya harusi vyungu thelathini vikapangwa juu ya mafiga. Mchele humu, kunde humu, mchuzi humu. Moto ukawaka. Ngoma zikaanza.

Pa!

Watu wakageuka. Wakadhani ni kuni.

Pa! Pa! Pa!

Kimoja baada ya kingine. Mchuzi ukamwagika motoni, majivu yakaruka, kunde zikatapakaa mchangani. Nyanyake bwana harusi, mzee wa watu aliyekuja kwa mkongojo, alikuwa amesimama karibu na jiko. Mchuzi wa moto ukammiminikia miguuni. Akaanguka akilia, na ngoma zikanyamaza.

Wageni wa mabonde matatu walirudi makwao na njaa. Bibi arusi alikaa ndani amejifunika uso. Upande wa bwana harusi wakauliza kama hii ni dharau au ni nini.

Mama Pofu hakupiga kelele. Alikwenda kwa Bi Nungunungu na kigae mkononi, akakiweka juu ya kigoda.

"Gulio lijalo," akasema, "uje mbele ya watu utuambie kwa nini vilipasuka. Ukinitajia mvua, au Kenge, au upishi wangu, hapatakuwa na mnyama atakayenunua kwako tena bonde hili. Na mimi nitakuwa nimemzika mama yako mara ya pili."

Akaondoka.

Nguchiro akajikohoza. "Shemeji, nafikiri ni jicho baya. Wageni wale wa mabondeni..."

Kwa mara ya kwanza Bi Nungunungu hakumjibu. Akanyanyuka, akaenda mpaka kwenye shimo alimokuwa akiishi Mhanga, akainama mlangoni.

"Mhanga! Niambie kwa nini vinapasuka."

Sauti ikatoka chini. "Nilikwambia mara tatu. Mdomo wangu umechoka."

"Nakuomba."

"Hata nikisema, utamwuliza Nguchiro kama ni kweli. Nenda kakae kiwandani kwako siku moja, tangu jua litoke mpaka lizame. Uliza, halafu usijibu wewe."

Akarudi. Kulipopambazuka akavua kanga yake mpya, akaiacha juu ya kigoda, akaingia ndani. Ilikuwa miezi minne hajakanyaga mle. Akamkuta Ngiri anakanyaga udongo. Mara moja, mara mbili, akaacha.

"Ngiri, mbona mara mbili?"

Ngiri akashangaa. "Si wewe uliagiza, bi mkubwa?"

"Mimi?"

Alitaka kusema zaidi, akakumbuka ameambiwa asijibu. Akafunga mdomo. Akaenda kwa Kima, akamkuta anatia motoni vyungu ambavyo bado vinatoa ubaridi ukivigusa.

"Vimekauka siku ngapi hivi?"

"Mbili."

"Nani alisema mbili?"

"Wewe, bi mkubwa. Kwanza ulisema nne, halafu tatu, sasa mbili. Mimi nililia, nikamwambia Nguchiro akuambie vitapasuka. Akasema umesema nisipotaka niondoke. Nina watoto, bi mkubwa."

"Na udongo unatoka wapi?"

"Sijui," akasema Kima. "Udongo ni wa Ngiri."

"Mimi nachimba hapo juu nilipoonyeshwa na Nguchiro, kwa nini sijui," akasema Ngiri. "Udongo ulikuwa wa Mhanga."

Bi Nungunungu akakaa chini pale pale kwenye matope. Akachukua chungu kimoja kilichochomwa, akakigonga kwa ukucha. Hakikulia ngooo. Kilitoa mlio mfu, kwa, kama kibuyu kilichooza. Akagonga cha pili. Kwa. Akagonga cha kumi. Kwa. Machozi yakamtoka. Miezi minne vimepita mbele ya kigoda chake, na kugonga tu, kugonga kwa ukucha mmoja, hakugonga!

Nguchiro akaingia anapiga mluzi. Alipomwona akasita.

"Shemeji! Kumbe upo huku? Utachafuka. Nilikuwa nasema, upepo wa mwaka huu..."

Miiba ikasimama yote kwa pamoja, shaaa!

"Upepo umemwambia Kima siku mbili?"

Nguchiro akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Kisha akasema neno moja la kweli, labda la pekee tangu afike. "Wewe ulitaka mia. Nilipoleta mia ulinipigia makofi. Uliwahi kuniuliza nimevipataje?"

Bi Nungunungu akakiweka chini kile chungu cha kumi. "Sikuuliza," akasema. "Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini umewasemea watu maneno ambayo sikuyasema. Hilo ni lako. Ukitaka kubaki, utakanyaga udongo na Ngiri mara saba kila siku mpaka uujue. Usipotaka, mlango ni ule."

Nguchiro akakanyaga udongo mpaka saa sita mchana. Saa sita akasema miguu inamuuma, akavuka mto kwenda kuomba usimamizi kwa Kenge. Kenge akamuuliza swali moja: chungu hukauka vipi? Nguchiro akaanza kueleza habari za upepo. Kenge akamwonyesha njia ya kurudi, na huko bondeni nako hakuna aliyemtaka. Mpaka leo mkimwona nguchiro njiani, huwa anakimbia upande huu na huu, hajui aende wapi.

Bi Nungunungu akarudi kwa Mhanga. Mhanga alikuja, lakini kwanza alisema, "Nikisema neno kuhusu udongo, nisikilizwe siku hiyo hiyo. Na kila asubuhi sote wanne tukae pamoja kabla ya kazi, kila mtu ajue mwenzake anafanya nini." Akakubaliwa.

Gulio likafika. Watu walijaa kuliko siku zote. Wengine walikuja kutazama tu. Bi Nungunungu akasimama katikati, bila kanga mpya, matope mikononi.

"Mlitaka kujua kwa nini vilipasuka," akasema. "Havikupasuliwa na mvua. Kenge, nilikutukana bure, nisamehe. Na nyinyi kina mama mnajua kupika kuliko mimi. Vilipasuka ndani ya kiwanda changu, kabla havijafika kwenu. Udongo haukuwa mzuri, haukukandwa, haukukauka. Nilimpa kazi mtu asiyeijua kwa kuwa ni shemeji. Nilitaka vingi na vizuri kwa mara moja, nikasifu vingi. Aliyenieleza ukweli nilimfukuza kwa maneno. Bibi aliyeungua miguu, niko hapa, nitakuhudumia mpaka upone."

Mbele yake palikuwa na vyungu sita tu. Sita! Ndivyo vilivyokuwa vimekamilika siku zao tisa.

Mama Pofu akasogea. Hakumkumbatia, wala hakutabasamu. Akainama, akagonga cha kwanza.

Ngooo!

Akakiinua, akakiweka kichwani.

"Nakwenda kupika kunde," akasema. "Kikitulia motoni nitakuja kukwambia. Kikipasuka, nitakuja kukwambia vile vile. Na wewe safari hii utasikiliza."

"Nitasikiliza," akasema Bi Nungunungu.

Akaenda. Kesho yake kabla ya jua kuwa kali alirudi, amemshika mkono yule nyanya mwenye mkongojo, miguu imefungwa majani ya dawa. Yule nyanya akanyoosha kidole kwenye vyungu vilivyobaki, akasema, "Na mimi nipe kimoja."

Basi, watoto wangu, fundisho ni hili. Biashara ina mambo ya nje, nayo yana nguvu, siyakatai. Lakini kuna yaliyo ndani: anayeongoza na namna anavyoongoza, watu unaowaajiri na kama wanaijua kazi, mali ghafi unayoitumia, lengo lako kama linaeleweka au linajipinga lenyewe, na maneno kama yanafika kutoka chini kwenda juu bila kugeuzwa njiani. Hayo yako mikononi mwa mwenyewe. Kwa hiyo kazi ikiharibika, anzeni kutazama ndani kabla hamjamtafuta wa kulaumiwa nje.

Ngano yangu nimeishusha chini hapa. Aliyeipenda ajitwike, aliyesinzia atamuuliza mwenzake.